Mahari ya GB Nane

Siku mshenga alipomuuliza Mzee Elikana angependa aletewe nini katika mahari ya binti yake Yunisi, Veneranda alikuwa jikoni anapepeta mchele, lakini masikio ameyaacha sebuleni. Mengine yote yalikuwa yamekwisha kusemwa. Mbuzi walikubaliwa, mkaja wa mama ukatajwa pamoja na vitenge vyake, na bibi aliyeko Kasulu akaahidiwa shuka zito la baridi. Lilibaki fungu la baba. Baba huletewa koti, au blanketi, au redio kama upande wa pili wana nafasi. Veneranda, kwa jinsi alivyomjua mumewe, alikuwa ameshamkadiria koti.

"Mimi," Elikana akasema, "naomba kadi ya picha ya kompyuta. Ya GB nane. Isipungue."

Mshenga, mzee Feliksi, akasogeza kiti mbele.

"Samahani, mzee wangu. Hicho ni kitu cha kuvaa?"

"Ni cha kuchomeka."

"Ego," Feliksi akaitikia kwa Kiha, ndiyo ile ya mtu anayejitwisha mzigo asioujua uzito wake, akaaga.

Elikana alikuwa karani wa mizani bandarini Kigoma mpaka alipostaafu. Maisha yake yote watu walimwendea na magunia ya mahindi, madumu ya mawese na saruji ya kuvuka kwenda Kongo, wakamwambia hii ni tani nane, yeye akapima akakuta saba na kitu. Kazi ya namna hiyo ikikaa mwilini haitoki. Neno la mwenye mzigo kwake lilikuwa hewa tu. Neno la mzani ndilo neno. Alipostaafu hamu ya kupima haikustaafu, ila alikosa cha kuweka juu ya mzani, ndipo akaanza kuwapima watu.

Yunisi, muuguzi wa zahanati, mtoto mtulivu, alikuwa amekwisha kuposwa mara mbili. Wa kwanza alijisifu kwa shamba la michikichi. Elikana akapanda pikipiki akaenda kulipima kwa hatua zake mwenyewe, akakuta halifiki. Wa pili alisema ni mtunza stoo, kumbe ni msaidizi wa mtunza stoo. Wote wawili wakarudishiwa vitu vyao. Sasa alikuwa amekuja Shukrani, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ilagala, na Yunisi alimwambia mama yake maneno machache tu, huku anapaa magamba ya samaki nje ya jiko: "Mama, huyu naye akirudishwa, mimi simsubiri wa nne." Hakulia wala hakupandisha sauti. Ndicho kilichomtisha Veneranda.

Na kompyuta ilitoka wapi? Elikana aliinunua ili asome magazeti, kisha fundi mmoja wa hapo mtaani kwao, Rusimbi, akamwekea programu ya kujitolea. Ukishaiweka, kompyuta yako ikikaa bila kazi inafanya hesabu za wanasayansi wa mbali wanaotafuta dawa za magonjwa. Hesabu yao ni kubwa mno, kwa hiyo wanaigawa vipande vipande kwa watu wa dunia nzima. Kila mtu anabeba kipande chake na kurudisha jibu kwa njia ya mtandao. Hulipwi. Unapewa alama. Veneranda alipouliza hizo alama zinanunua nini, akajibiwa hazinunui kitu, na hiyo ndiyo heshima yake.

Elikana, ambaye hakupenda kuona hata jembe likiegemea ukuta bure, aliingia mzima mzima. Alifungua timu akaiita Gati Namba Moja, mwanachama yeye peke yake, na kila asubuhi baada ya chai alitazama amefika wapi miongoni mwa watu wa dunia. Juu yake kidogo palikuwa na mtu wa Finland ambaye hakuwahi kumfikia. Nyumbani walimzoea huyo Mfini kama jirani. "Leo Mfini kalala," Elikana angesema kwa furaha. Au angesukuma kikombe mbali: "Mfini kaongeza mashine." Kumpita Mfini kulitaka kadi ya picha, kwa sababu kadi hiyo, japokuwa inaitwa ya picha, ikipewa hesabu inazitafuna upesi kuliko kompyuta yenyewe.

Basi kadi ikaja, pamoja na mbuzi na vitenge. Shukrani aliiagiza Dar es Salaam, na shangazi yake Merina akaipakata ndani ya boti njia nzima kutoka Ilagala, kaifunika kanga mawimbi yasiirushie maji, kama kachanga kanakwenda kliniki. Elikana aliipokea kwa mikono miwili. Akaichomeka mwenyewe mbele ya wageni, feni zake mbili zikazunguka, watu wakapiga makofi, hata wale waliodhani ni kipoza hewa.

Wageni walipoondoka akafungua programu yake ya hesabu. Programu hiyo ina tabia moja: kila ikiwashwa, kabla ya yote, inaandika inachokiona. Kompyuta ya aina gani, kadi ya aina gani, na kadi hiyo ina memori kiasi gani. Iliandika 4095.

Elikana akavuta kikokotoo. GB moja ni MB 1024, kwa hiyo nne ni 4096.

"Mama Yunisi, njoo uone," akaita. "Si nane. Ni nne. Na hata hiyo nne yenyewe imedokolewa moja."

Alizima akawasha. Nne. Aliichomoa kadi, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akairudisha mpaka ikalia ta. Nne. Aliihamishia tundu jingine. Alikagua waya wa umeme, akaubana. Alifuta vumbi la miaka kwenye feni kwa mswaki wa zamani, na Veneranda akapiga chafya. Nne, pungufu moja. Tena programu ilikuwa imekataa kumletea zile hesabu kubwa alizozingojea, ikamwambia kwa ufupi kwamba kadi yake haina memori ya kutosha.

Cha ajabu ni kwamba ukurasa wa kompyuta yenyewe, ule unaoonyesha vifaa vilivyomo, ulisema nane. Yunisi alimfungulia baba yake. Veneranda, ambaye shule aliiachia la saba, aliisoma nane hiyo vizuri kabisa.

"Baba Yunisi, si hii hapa?"

"Hiyo ni kadi inajieleza yenyewe. Umeona wapi gunia linajieleza pungufu?" Akavua miwani. "Mizani miwili ikitofautiana, bandarini tunafuata unaosema kidogo, na mzigo unazuiwa."

Veneranda akamtazama binti yake, aliyesimama mlangoni na sare yake ya kazini. Mzigo uliozuiwa ulikuwa ni yeye.

Feliksi akatumwa Ilagala na ujumbe mmoja: wameleta nne badala ya nane. Alirudi amechoka, suruali imelowa hadi magotini.

"Wanauliza nane gani. Wanasema mbuzi walikuwa sita na mliwapokea wote wakiwa hai."

"Si mbuzi! Kadi!"

"Nimewaambia kadi. Shukrani yuko shuleni, wazee wakauliza kadi ya mwaliko?" Feliksi akaketi. "Mzee wangu, mimi nimeshenga ndoa nyingi. Nimepeleka habari za bikira, nimepeleka habari za watoto wa nje. Hii sijui nishike wapi. Ila neno moja walilielewa. Pungufu. Mzee Alphonce alilirudia mara nyingi, na kila mara sauti inapanda. Wanakuja Jumamosi."

Alphonce ni baba mkubwa wa Shukrani, ndiye aliyemlea, na maneno ya Feliksi hayakuhitaji maelezo. Ukileta mahari nusu ukasema nyingine baadaye, unasamehewa. Ukileta pungufu ukasema imetimia, wewe ni tapeli, na hakuna anayempa tapeli mtoto wake.

Yunisi hakungoja Jumamosi. Watumiaji wa programu ile wana jukwaa lao mtandaoni ambako husaidiana. Akaandika swali huko, kwa jina la timu ya baba yake, akaeleza kila kitu, kadi gani, kompyuta gani, namba gani inatoka. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Aliyejibu alikuwa Mfini.

"Anasema kadi ni nzima, baba. Programu ndiyo imezeeka. Matoleo ya zamani yakihesabu memori yakifika nne yanagota, hata uweke kadi ya nane au ya kumi na mbili, yataandika hiyo hiyo 4095. Anasema pakua toleo jipya." Yunisi akasita. "Na anakusalimia."

"Ananisalimia!" Elikana akasimama. "Mtu ninayeshindana naye ananiambia nitupe mzani ninaoujua, nichukue anaouchagua yeye. Na kazi iko ndani, haijaisha! Mama Yunisi, meli iko gatini, nusu ya mzigo imeshapimwa. Unabadilisha mzani?"

"Mimi sijapima meli. Ila sufuria ikivuja nabadilisha, hata maharage yakiwa motoni."

"Hii haivuji."

Na hapo akagoma. Kumbe ndivyo alivyofanya tangu siku ya kwanza. Kila programu ilipomwomba kwa adabu aiweke upya, alibonyeza "baadaye", kwa sababu palikuwa na hesabu katikati. Na hesabu hazikuwahi kukosa kuwa katikati. Moja ikikaribia kwisha, nyingine imeshaingia.

Jumamosi wakaja. Walishuka boti pale Ujiji wakapanda bajaji mpaka Rusimbi: Mzee Alphonce, mwenye mitumbwi ya dagaa na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto Malagarasi, shangazi Merina, na Shukrani, aliyekonda kidogo ndani ya shati lililopigwa pasi vizuri. Feliksi alikuwapo pia, amekaa karibu na mlango. Salamu zikaenda, shikamoo zikaitikiwa, habari za ziwa zikaulizwa. Veneranda alishaweka samaki wa migebuka kwenye mawese, na sombe ya majani ya muhogo ikatokota pembeni, maana hata watu wanaokuja kugombana hula.

Elikana akageuza skrini iwaelekee. Chini yake alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma.

"Someni wenyewe."

Alphonce akavaa miwani, akasogea. "Elfu nne na tisini na tano. Za nini?"

"Memori. Nyie mlisema nane."

"Na nani kaandika hapa?"

"Mzani."

"Mimi kadi hiyo nimeipakata kutoka Ilagala," Merina akadakia. "Nusu yake ingedondoka ziwani ningeisikia chubwi."

Feliksi akacheka, kisha akajutia.

"Baba, risiti ninayo..." Shukrani akaanza.

"Wewe tulia." Alphonce hakumtazama. Alikuwa ameshusha sauti, na upole huo ukamfanya Veneranda aache mwiko. "Mzee Elikana. Mimi nauza dagaa. Kila mwaka watu wa vipimo wanaukagua mzani wangu, wanabandika stika. Mwaka ukipita bila stika mpya, mzani wangu ni chuma tu, hauuzi hata kichwa cha dagaa. Au nasema uongo?"

"Husemi uongo. Ndiyo sheria."

"Huu wako una stika ya mwaka gani?"

Veneranda alimtazama mumewe. Alijua ni wafanyabiashara wangapi aliowarudisha kwa stika iliyopita wiki moja tu, wengine wakilia, mmoja akimpigia magoti. Yunisi, bila kuambiwa, akainama akabonyeza mahali programu inapojitambulisha, jina lake na mwaka iliotengenezwa. Fundi aliyeiweka aliitoa kwenye flashi yake, na siku hiyo tayari ilikuwa kuukuu. Ulikuwa mwaka ambao Yunisi bado anavaa sketi ya shule.

"Tusomee, binti yangu," Alphonce akasema. "Macho yangu hayafiki huko nyuma."

Yunisi akasoma kwa sauti.

Elikana alikuwa na makosa yake, lakini sheria aliyowawekea wengine hakuikimbia.

"Mzani usio na stika hautumiki," akasema. "Yunisi. Pakua."

Mtandao wa Jumamosi mnaujua. Wakaletewa chakula, wakala wote wameelekea skrini, wakitazama kale kamstari kakijivuta kama konokono. Merina akawa anakatia moyo, "Twende, twende, mwanangu." Kamstari kakafika. Programu ikajizima, ikajiwasha, ikaanza kuandika inachokiona. Kompyuta ya aina gani. Kadi ya aina gani.

8192.

Merina akapiga kigelegele kabla hajaambiwa ni nzuri au mbaya. Elikana akachukua kikokotoo, akagawanya, akagawanya tena.

"Nane," akasema. "Kamili."

Na ile hesabu ya katikati, iliyosababisha yote, ilikuwapo palepale, inaendelea kuanzia ilipoachia, kana kwamba hakuna aliyeigusa. Chini yake ikateremka nyingine, moja ya zile kubwa alizokuwa akinyimwa. Elikana aliiona. Veneranda naye alimwona akiiona.

Alphonce alinawa mikono taratibu.

"Vizuri. Sasa tuongee. Mshenga huyu alikuja kwangu, majirani wamesimama, akasema tumeleta pungufu. Nimeitwa mwizi kwa mzani mkuukuu."

"Kosa limetokea," Elikana akakiri, akitazama meza.

"Kosa lina faini."

"Itaje, mkwe wangu."

"Kadi tunarudi nayo. Wewe utaletewa koti, kama baba wengine. Ukikubali, harusi ni baada ya Pasaka. Ukikataa, tunabeba na mbuzi."

"Baba mkubwa, jamani," Shukrani akanong'ona. Yunisi alikuwa amesimama na jagi la maji, halitikisiki, kama halina maji. Veneranda angeitoa kadi hiyo mwenyewe, na kompyuta yake, na meza, lakini haikuwa yake kutoa. Na Elikana anaitazama ile hesabu kubwa. Asilimia yake ya kwanza ilikuwa imejaa. Kwa mwendo huo angempita Mfini kabla ya mvua kwisha.

"Baba Yunisi," Veneranda akasema.

Elikana akageuka, akamwona binti yake na jagi.

"Kazi zilizomo zimalizike kwanza," akasema. "Si zangu, ni za watu wa dawa. Huwezi kushusha mzigo wa watu katikati ya ziwa."

"Zitaisha lini?"

"Kesho asubuhi."

"Tunalala," Alphonce akasema.

Wakalala. Veneranda akatandika magodoro, akaagiza samaki wengine, akaazima bakuli kwa jirani. Jioni hiyo Alphonce alivuta kiti karibu na skrini, kwanza kama askari anayelinda kidhibiti, kisha akaanza kuuliza.

"Huyu aliye juu yako ni nani?"

"Mfini."

"Anavua?"

"Havui. Anahesabu kama mimi."

"Na anakushinda kila siku?"

"Kila siku."

"Mtu hata havui," Alphonce akasema, akatikisa kichwa. Baadaye Veneranda alipopita na chai aliwakuta wanabishana kama Mfini naye analala mchana.

Asubuhi kazi zilikuwa zimekwisha na majibu yamekwenda. Elikana akazima, akafungua skrubu, akaichomoa kadi, akaipangusa kwa kitambaa safi. Akampa Alphonce kwa mikono miwili. Hapo kila mtu alijua kinachofuata, maana faini za wakwe ndivyo zilivyo: inadaiwa, inaletwa, inashikwa kidogo, watu wanacheka, inarudishwa. Merina alishamgusa kaka yake kwa kiwiko. Elikana mwenyewe aliiacha mikono yake hewani kitambo.

Alphonce akaiweka kadi ndani ya begi, chini ya sweta, akavuta zipu.

"Asante sana, mkwe. Baada ya Pasaka, basi."

Veneranda hakujali zipu. Alijali lile neno la mwisho, akageuka akamtafuta Yunisi, akamwona ameshatoka nje pamoja na Shukrani, wanacheka jambo lao karibu na bajaji. Alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu posa ya kwanza.

Wageni walipokuwa wanapanda, Elikana akamvuta Shukrani pembeni. Veneranda akachukua fagio, akafagia kuelekea upande huo huo.

"Huko Ilagala umeme upo?"

"Upo, baba."

"Na kompyuta?"

"Baba mkubwa ameniambia leo asubuhi nimtafutie." Shukrani akaona haya kwa niaba ya mzee wake. "Anasema hawezi kumwacha yule Mfini hivi hivi."

Elikana alitazama begi kwenye mapaja ya Alphonce, mkanda wake umefungwa vizuri.

"Basi isikae bure," akasema. Akaanza kurudi ndani, akafika kizingitini, akageuka tena. "Mwanangu. Mwambie aweke toleo jipya."